Likizo Bila Kutoka Nyumbani: Jinsi Familia ya Isiolo Inavyoweza Kulala na Kutembea Hifadhini

Karibu kila siku magari ya watalii yenye paa la kufunguka hupita mjini Isiolo yakielekea kaskazini. Watoto wa Bulla Pesa na Wabera huyapungia mkono, kisha vumbi likitulia hurudi kwenye michezo yao. Magari hayo yanakwenda Buffalo Springs, Shaba na Samburu. Lango la karibu zaidi, lile la Ngare Mara, liko takriban kilomita 20 tu kutoka mjini. Hata hivyo wako watoto wengi wa kaunti hii wanaomaliza shule ya msingi bila kuvuka lango hilo hata mara moja.

Mwaka 2001 kampuni moja ya televisheni ya Marekani ilileta washindani 16 katika Hifadhi ya Shaba kuigiza maisha ya porini kwa siku 39. Kipindi hicho, Survivor: Africa, kilitazamwa na mamilioni ya watu ng'ambo. Shaba ikajulikana katika sebule za Marekani kabla ya kujulikana katika nyumba nyingi za Isiolo.

Makala haya yanamweleza mkaazi wa kawaida, mwenye watoto na kipato cha kawaida, jinsi ya kupanga usiku mmoja au miwili hifadhini: wapi pa kulala, gharama zinatoka wapi, shughuli gani zinawafaa watoto, hatari zipi za kuepuka, na nafasi ya mwananchi katika kuamua ada anazolipa.

Hifadhi hizi ni za nani?

Wengi hudhani kila eneo la wanyamapori ni mali ya serikali kuu na linasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Sivyo. Sheria za Kenya zinatofautisha mbuga ya taifa na hifadhi ya taifa. Mbuga ya taifa, kama ile ya Meru, husimamiwa na KWS. Buffalo Springs na Shaba ni hifadhi za taifa. Kabla ya ugatuzi zilisimamiwa na lililokuwa Baraza la Kaunti ya Isiolo, na tangu mwaka 2013 jukumu hilo limo mikononi mwa serikali ya kaunti. Ada inayolipwa langoni huingia katika mapato ya kaunti, yale yale yanayotegemewa kwa huduma katika wadi zote kumi, kuanzia Oldonyiro hadi Sericho.

Kwa hiyo mkaazi wa Isiolo anapoingia Buffalo Springs, anaingia mahali panapotunzwa kwa niaba yake. Ana haki ya kuuliza jinsi panavyosimamiwa, na ana wajibu wa kupatunza.

Buffalo Springs ina ukubwa wa kilomita za mraba 131. Inatazamana na Hifadhi ya Samburu ng'ambo ya Mto Ewaso Ng'iro, ambayo iko chini ya Kaunti ya Samburu. Shaba, yenye kilomita za mraba 239, iko mashariki ya barabara kuu ya Isiolo kwenda Moyale. Ilitengwa mwaka 1974 na inaitwa kwa jina la mlima uliomo ndani yake. Ya tatu ni Bisanadi, upande wa Kinna, inayopakana na Mbuga ya Taifa ya Meru. Bisanadi haina huduma nyingi za wageni, lakini kwa familia za Kinna na Garbatulla jirani yake Meru ni chaguo zuri, kama tutakavyoona.

Utaona nini ambacho hakipo kwingine?

Mtu akisikia neno safari hufikiria Maasai Mara. Lakini kuna wanyama watano wa nchi kavu ambao mtu husafiri kutoka mbali kuja kuwaona hapa kwetu. Wafundishe watoto majina yao kabla ya kuondoka nyumbani, kisha wape daftari wapige alama kila wanapomwona mmoja.

Wa kwanza ni punda milia wa Grevy. Huyu ana michirizi myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya mviringo. Punda milia wa kawaida ana michirizi mipana inayozunguka hadi tumboni, na katika Buffalo Springs mnaweza kuwaona wote wawili siku moja. Idadi ya punda milia wa Grevy imepungua hadi takriban 3,000 hivi duniani kote, wengi wao wakiwa kaskazini mwa Kenya. Mtoto wa Isiolo anaishi karibu na mnyama ambaye mataifa mengi huhangaika asitoweke.

Wa pili ni twiga mwenye madoa yaliyopangika kama wavu, ya rangi ya kahawia iliyokolea na mistari myeupe iliyonyooka. Wa tatu ni choroa, mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka kama mikuki na uso wenye mabaka meusi na meupe. Wa nne ni swala twiga, mwenye shingo ndefu, ambaye husimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya juu ya vichaka. Yeye huweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa maji kwa sababu hupata unyevu kutoka kwa majani. Wa tano ni mbuni wa Kisomali. Dume lake lina shingo na mapaja ya rangi ya buluu-kijivu, tofauti na mbuni wa Mara mwenye mapaja ya waridi.

Zaidi ya hao kuna ndovu, simba, chui, mamba na ndege wengi, akiwemo yule kanga mwenye kifua cha buluu inayong'aa anayetembea kwa makundi makubwa asubuhi.

Watoto wanapenda hadithi, na nchi hii inazo. Simba jike maarufu Elsa alilelewa hapa Isiolo katika miaka ya 1950 na George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyamapori wa Wilaya ya Mpakani Kaskazini, pamoja na mkewe Joy, kabla ya kuachiliwa aishi mwituni katika eneo la Meru. Na mwaka 2002, ng'ambo ya mto katika Hifadhi ya Samburu, simba jike aliyepewa jina Kamunyak, maana yake aliyebarikiwa, aliwashangaza wataalamu kwa kumchukua ndama wa choroa na kutembea naye kama mwanawe badala ya kumla. Alirudia jambo hilo mara kadhaa kwa ndama wengine.

Mahali pa kulala: chaguo tano

*Kwanza, hema lako mwenyewe katika kiwanja cha kambi.* Hili ndilo chaguo la bei nafuu zaidi ndani ya hifadhi. Viwanja vya kambi ni sehemu zilizotengwa, nyingi zikiwa chini ya miti. Elewa mapema kwamba havina uzio na huduma zake ni chache. Njoo na maji yako, chakula chako, taa, na makaa au gesi ya kupikia. Usikate mti wala kuokota kuni. Gogo lililoanguka ni makao ya viumbe na chakula cha ardhi. Uliza langoni kuhusu askari wa wanyamapori wa kukaa nanyi usiku, na mkubaliane malipo yake kabla ya jua kutua. Kwa familia yenye watoto wadogo, askari huyo ni sehemu ya bajeti kama vile chakula.

*Pili, loji na kambi za mahema ya kudumu.* Zipo ndani ya hifadhi zetu, kwa mfano Sarova Shaba na Joy's Camp huko Shaba, na Ashnil Samburu na Samburu Simba katika Buffalo Springs. Usidanganywe na jina Samburu katika hizo mbili za mwisho. Ziko upande wa Isiolo wa mto. Bei yake ni kubwa kuliko kambi, lakini mara nyingi inajumuisha milo yote, na baadhi zina bwawa la kuogelea. Unapopiga simu uliza mambo matatu: bei ya Mkenya kwa shilingi, bei ya mtoto anayelala chumba kimoja na wazazi, na bei ya msimu wa wageni wachache. Majibu ya maswali hayo yanaweza kukushangaza. Kama kulala hakuwezekani, uliza kama wanapokea wageni wa chakula cha mchana na kuogelea pekee.

*Tatu, banda za kujipikia.* Familia za Kinna, Garbatulla na Isiolo mjini zinaweza kufikiria banda za KWS zinazoitwa Kinna, zilizo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru. Banda ni nyumba ndogo yenye vitanda na jiko. Unakuja na unga, mchele na nyama yako. Watoto wanaolala vibaya hemani hulala vizuri kwenye banda. Kumbuka kwamba hapa ada zote ni za KWS, si za kaunti. Meru pia ina eneo la kulinda vifaru lililozungushiwa uzio, na vifaru ni wanyama ambao hutawaona Buffalo Springs.

*Nne, kijiji kilicho nje ya hifadhi.* Karibu na Archers Post, ukingoni mwa Ewaso Ng'iro, kipo kijiji cha Umoja kilichoanzishwa mwaka 1990 na wanawake wa Kisamburu wakiongozwa na Rebecca Lolosoli. Wanawake hao walikuwa wamekimbia dhuluma. Wanajikimu kwa kuuza shanga, kupokea wageni kijijini na kuendesha kambi kando ya mto. Kwa familia, faida ni mbili: unalala karibu na lango bila kulipa ada ya kulala ndani, na pesa yako inaingia moja kwa moja katika mifuko ya akina mama hao. Vijiji vingine vya kitamaduni kandokando ya hifadhi hupokea wageni pia. Desturi ni kupatana bei na wenyeji kabla ya kuingia, na kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

*Tano, kulala mjini na kwenda hifadhini mchana.* Ukiwa na nyumba yako Isiolo, au nyumba ya wageni mjini au Archers Post, unaweza kuondoka alfajiri, kuingia lango linapofunguliwa, na kutoka kabla halijafungwa. Kwa kawaida saa za kuingia ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na gari linatakiwa liwe limetoka au limeegeshwa kambini kufikia saa kumi na mbili jioni. Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, hii ni njia nzuri ya kujaribu.

Gharama inatoka wapi?

Wengi huogopa ada ya lango, lakini kwa familia ya wenyeji gari ndilo hula pesa nyingi zaidi. Bodaboda haiingii hifadhini, na matatu za njia ya Archers Post zitakuacha barabarani. Unahitaji gari lenu au la kukodi. Msimu wa kiangazi gari la kawaida lililoinuka kidogo linaweza kupita njia kuu za Buffalo Springs. Shaba ina mawe mengi na miteremko, kwa hiyo inataka gari linalosukumwa na magurudumu yote manne.

Tuchukue mfano wa familia mbili za jirani, watu wazima wanne na watoto sita. Zikikodi gari moja kubwa, gharama ya gari, mafuta na dereva inagawanywa mara mbili. Askari wa usiku mmoja anatosha hema zote. Sufuria moja ya pilau inalisha watu kumi. Familia hizo hizo zikienda kila moja peke yake, kila gharama kati ya hizo inalipwa mara mbili. Vikundi vya akina mama, vyama vya kuweka akiba na madarasa ya madrasa au Jumapili vinaweza kupanga vivyo hivyo. Ukitenga kiasi kidogo kila mwezi kuanzia Januari, Agosti itakukuta tayari.

Orodha ya kulipia ni hii: tikiti ya kila mtu, tikiti ya gari, ada ya kambi au chumba, askari au mwongozaji, mafuta, chakula na maji. Ada hutofautiana kati ya raia, wakaazi wa kigeni na wageni kutoka nje, na kati ya mtu mzima na mtoto. Ili ulipe ada ya raia, beba kitambulisho cha taifa. Kwa watoto beba nakala ya cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha shule. Thibitisha ada za sasa na njia ya kulipa katika ofisi ya utalii ya kaunti au langoni kabla ya safari. Uliza pia tikiti inadumu saa ngapi, na kama inakubalika upande wa Samburu, kwa sababu ng'ambo ya mto ni kaunti nyingine. Hakikisha unapata stakabadhi. Pesa isiyo na stakabadhi haifiki kwenye hazina ya kaunti.

Shughuli za siku nzima

*Asubuhi na jioni, kuangalia wanyama.* Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni, wanyama hutembea. Katikati ya mchana hulala kivulini, nanyi fanyeni hivyo. Endesha taratibu, zima injini ukiona mnyama, na usitoke nje ya njia. Gari likipita juu ya nyasi, alama yake hukaa miezi mingi katika ardhi kavu kama yetu.

*Chemchemi.* Buffalo Springs imepata jina lake kutokana na chemchemi za maji safi ambayo husafiri chini ya ardhi kutoka upande wa Mlima Kenya. Mojawapo imejengewa ukuta na kuwa bwawa ambalo wageni huoga. Husimuliwa kwamba shimo lake lilipanuliwa na bomu lililoangushwa na ndege ya Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Muulize askari kwanza kama ni salama siku hiyo, mtu mzima aangalie majini na pembeni kabla ya mtoto kuingia, na msiache watoto peke yao.

*Ndege na mimea.* Hili halihitaji gari liende mbali. Kaeni chini ya mikoma karibu na loji au kambi, mhesabu aina za ndege kwa saa moja. Mwambie nyanya au babu aje. Wazee wetu wanajua mgunga upi ni dawa, upi ni chakula cha mbuzi, na upi hutabiri mvua. Mtoto atakayeandika maelezo hayo anaweka kumbukumbu ambayo haimo katika kitabu chochote cha mwongozo wa watalii.

*Kutembea kwa miguu.* Ndani ya hifadhi usitembee nje ya kambi bila askari mwenye silaha. Huko Shaba, kwa mpango maalumu na mwongozaji, kuna miinuko yenye mandhari ya mbali, na upande wa mashariki mto huanguka katika Maporomoko ya Chanler.

*Nyota.* Usiku wa Shaba hauna taa za mji. Zimeni tochi kwa dakika kumi na muangalie juu. Hii haina ada.

Hatari ambazo hazitangazwi kwenye picha

*Mto.* Ewaso Ng'iro hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, maji hutufikia saa nyingi baadaye, wakati mbingu ya Isiolo ni safi. Tarehe 4 Machi 2010 mafuriko ya ghafla yaliharibu loji na kambi nyingi kwenye kingo zote mbili za mto, na watalii wakaokolewa kwa helikopta. Somo lake ni rahisi. Usipige hema ukingoni wala ndani ya laga kavu, hata kama mchanga wake ni laini na kivuli ni kizuri. Chagua mwinuko, egesha gari likitazama njia ya kutokea, na ukisikia ngurumo ya maji usiku ondoka na watu, acha vyombo.

*Mamba.* Mto una mamba wakubwa. Hakuna kuoga, kufua wala kuchota maji mtoni. Bwawa la chemchemi lililotajwa juu halihusiani na mto.

*Ndovu, nyani na tumbili.* Ndovu huvutwa na harufu ya matunda. Usiweke machungwa wala ndizi hemani. Fungia chakula chote ndani ya gari. Wakipita kambini, nyamaza, baki ndani, usiwamulike kwa tochi. Nyani na tumbili huiba mchana, na mtoto anayewalisha huwafundisha kumnyang'anya mtoto mwingine kesho. Usiku weka choo cha ndoo karibu na hema ili mtoto asitoke peke yake gizani.

*Nyoka na nge.* Kung'uta viatu kila asubuhi. Mtu akiumwa na nyoka, mtulize asitembee, mvue pete na bangili, usimkate, usifyonze jeraha, usimfunge kamba ya kubana, mkimbize hospitali. Kabla ya kuondoka nyumbani weka katika simu namba ya lango, ya dereva na ya hospitali, maana mtandao hukatika katika sehemu nyingi.

*Plastiki.* Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, zimepigwa marufuku katika mbuga, hifadhi, misitu na fukwe zote zilizolindwa nchini. Beba maji katika mtungi na kila mtoto awe na chupa yake ya kujaza upya. Takataka zenu zirudi nanyi nyumbani.

Uende lini?

Mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei, na mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Wakati huo nyasi ni ndefu, wanyama hutawanyika, na udongo mweusi hushika gari. Likizo ya Agosti ndiyo inayofaa familia zaidi: ardhi ni kavu, wanyama hukusanyika karibu na mto na chemchemi, na shule zimefungwa. Likizo ya Aprili huangukia mvua. Wakati huo loji nyingi hupunguza bei, lakini kambi ya hema si chaguo la busara kando ya mto.

Ukame nao una sura yake. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Wafugaji walipoteza mifugo, na punda milia wa Grevy walikufa pia. Chemchemi zilizobaki zilitafutwa na ng'ombe na ndovu kwa wakati mmoja. Familia inayotembelea Buffalo Springs inaona kwa macho kwa nini maji hayo ni uhai wa pande zote mbili, na kwa nini mabishano kuhusu malisho na hifadhi yanahitaji mazungumzo ya subira.

Sauti yako katika ada ya lango

Jambo la mwisho ndilo linaloweza kuwasaidia wengi zaidi. Kwa mujibu wa Katiba, ada haiwekwi, haisamehewi wala haibadilishwi bila sheria. Ada za kaunti, zikiwemo za hifadhi, hupangwa kupitia Sheria ya Fedha ya kaunti. Kabla mswada wake haujapitishwa, Bunge la Kaunti linatakiwa kuwashirikisha wananchi.

Kwa kawaida mikutano hiyo hujaa maswali kuhusu ada za soko, leseni na maegesho. Ada ya mtoto wa shule ya Isiolo kuingia Buffalo Springs inaweza kuulizwa papo hapo. Je, iwe ndogo zaidi kwa wenyeji? Je, shule za kaunti ziwe na siku maalumu? Je, mapato yakipungua kwa sababu hiyo, pengo lijazwe vipi? Wako watakaosema kaunti haiwezi kuacha hata shilingi moja, na hoja hiyo ina uzito. Wako watakaosema mtoto aliyewahi kumwona choroa kwa furaha atakuwa mlinzi bora wa choroa akiwa mtu mzima, na hoja hiyo nayo ina uzito. Uamuzi huwa bora wote wakiwapo mkutanoni. Uliza tarehe ya kikao katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako, au peleka maoni yako kwa maandishi.

Kwa ufupi, kabla ya kuondoka

Chagua tarehe ya msimu wa kiangazi. Unganisha familia mbili au tatu. Thibitisha ada, saa za lango na hali ya njia. Weka nafasi ya kambi, banda au chumba mapema, hasa mwezi Agosti na Desemba. Beba vitambulisho, maji ya kutosha, chandarua, dawa za huduma ya kwanza, tochi na mfuko wa takataka. Piga hema mbali na mto. Mwachie mtu aliyebaki nyumbani ratiba yenu na saa mnayotarajiwa kurudi.

Na mtoto asisahau daftari. Akirudi na alama tano, za punda milia wa Grevy, twiga, choroa, swala twiga na mbuni, basi safari yenu imefaulu. Akirudi na nne, mna sababu ya kurudi, na lango halijahama: liko kilomita 20 kutoka mjini.